Kwa nini boti ya Mona ilichomwa moto, na T.G.B. ikarudishwa kazini?

#1 Mtafiti wa Pwani

Wakuu, salaam. Nina swali kuhusu boti za uokoaji za aina ya Watson, zilizotumiwa kwa miongo mingi na RNLI, ile taasisi ya hisani inayookoa watu baharini Uingereza na Ireland.

Alfajiri ya tarehe 8 Desemba 1959, boti iitwayo Mona ilitoka Broughty Ferry, kwenye mlango wa mto Tay huko Uskoti, kuifuata meli ya taa (mnara wa taa unaoelea) ya North Carr ambayo tufani ilikuwa imeikata nanga. Mona ilikutwa imetupwa ufukweni Buddon Ness, na watu wake wote 8 wamekufa, miongoni mwao baba na mwanawe. Uchunguzi ulisema kwamba chombo hakikuwa na kasoro. Hata hivyo kilipelekwa Cockenzie usiku, kikafungwa kwa minyororo kwenye ukuta wa bahari, kikateketezwa.

Tarehe 17 Machi 1969, boti ya T.G.B. ya kituo cha Longhope, visiwani Orkney, ilipinduka katika mlangobahari wa Pentland ikiifuata meli ya Irene iliyosajiliwa Liberia, na watu wake wote 8 wakafa. Hii haikuchomwa. Ilitengenezwa, ikapelekwa Arranmore, katika jimbo la Donegal, Ireland, ikafanya kazi ya kuokoa watu tangu 1970 hadi 1978.

Zote mbili ni Watson, zote mbili ziliua watu 8. Kwa nini moja ilipewa moto na nyingine ikapewa rangi mpya?

#2 Kasia Moja

Mona ilikuwa na nuksi, T.G.B. ilikuwa na bahati ya kuzaliwa karibuni. Swali limekwisha, fungeni uzi.

#3 Fundi Mataruma

Kasia, umetania lakini umegusa penyewe. Tuanze na mbao kabla ya mashetani. Mona ilijengwa mwaka 1935, kwa hiyo siku ya ajali ilikuwa na umri wa miaka 24. T.G.B. ilijengwa mwaka 1962, na ilipopinduka ilikuwa na miaka 7 tu.

Kisha kuna namna zilivyojengwa. Bodi (mwili wa chombo) la Watson lilikuwa na tabaka mbili za mbao za mahogani zilizopangwa mshazari, la ndani likielekea huku na la nje likielekea kule, na katikati yake kikawekwa kitambaa kilicholoweshwa mafuta ili maji yasipite. Mimi ni fundi wa majahazi. Nimezoea tabaka moja la mbao lililopigiliwa kwenye mataruma (mbavu za chombo), likatiwa kalafati kwa pamba, likapakwa sifa (mafuta ya samaki) juu na deheni (shahamu na chokaa) chini, na ubao ukioza naung'oa peke yake bila kuwasumbua majirani zake. Ujenzi wa tabaka mbili una uzuri mmoja mkubwa, nayo ni kwamba chombo hakivuji hata kikipigwa sana na mawimbi. Ubaya wake ni kwamba ukipondeka, lazima ulifumue tabaka la nje eneo pana sana ndipo uifikie ile mbao ya ndani iliyovunjika, na kitambaa chote cha hapo kimeharibika. Kazi hiyo ni ghali kuliko mtu wa nje anavyodhani.

Mona iliburuzwa ufukweni na mawimbi. T.G.B. haikupiga ufuko kabisa: siku ya pili ilikutwa inaelea imefudikia, na boti ya uokoaji ya Thurso ikaivuta hadi bandari ya Scrabster. Kwangu mimi jibu ni hesabu ya fundi, basi.

#4 Mwanasheria wa Bandari

Fundi, hapo kuna tundu. Mwanzisha uzi amesema uchunguzi uliikuta Mona haina kasoro. Kama haina kasoro, gharama inatoka wapi?

#5 Fundi Mataruma

Mwanasheria, uchunguzi ulisema kwamba Mona ilikuwa salama kwenda baharini *wakati ajali inatokea*. Haukusema kwamba ilitoka salama baada ya kulala ufukweni. Hayo ni mambo mawili, na wewe kwa kazi yako ungeyatenganisha kabla yangu.

#6 Bi Mkubwa wa Clyde

Habari zenu. Ninaishi karibu na Glasgow, na T.G.B. nimeiona kwa macho yangu, kwa sababu baada ya kustaafu iliwekwa katika Jumba la Makumbusho ya Bahari la Uskoti, mjini Irvine, ambako ipo hadi leo. Picha haikuandai kwa ukubwa wake. Urefu ni futi 47, na ukisimama chini yake bodi linakuinukia kwa unene, limejaa tumboni tofauti kabisa na boti nyembamba za starehe. Nilichokitazama kwa muda mrefu zaidi ni upande wa shetri, yaani nyuma, ambako rafadha (propela) zake mbili hazikuning'inia nje kama za boti za uvuvi, bali zimeingizwa ndani ya mifereji iliyochongwa kwenye bodi lenyewe, ili kamba na mabaki ya meli iliyovunjika visizikamate.

Nitaongeza jambo ambalo mwanzisha uzi hakulisema. Katika T.G.B. alikuwamo nahodha Daniel Kirkpatrick pamoja na wanawe wawili, na fundi wa injini Robert Johnston pamoja na wanawe wawili. Nahodha huyo alikuwa ameshapewa nishani ya fedha ya RNLI mara tatu. Nyumba mbili za kijiji kidogo zilifungwa usiku mmoja. Sasa niambieni, kama boti ilichomwa kwa sababu ya uchungu, ni ipi iliyostahili zaidi kuchomwa?

#7 Jongoo wa Forodhani

Bi Mkubwa, na hao mabaharia wa Irene walikuwaje?

#8 Bi Mkubwa wa Clyde

Walipona wote 17. Meli ilipanda ufukoni kwenye kisiwa cha South Ronaldsay, na waokoaji wa nchi kavu wakawatoa kwa kamba.

#9 Mtafiti wa Pwani

Na wale 7 wa meli ya taa ya North Carr walipona vilevile, kwa kuwa nanga ya akiba ilishika, na siku iliyofuata helikopta ikawachukua. Ajali zote mbili waliofuatwa walipona, waliowafuata wakafa.

#10 Shetri Pana

Wakuu, tusikimbie nuksi haraka hivi. Masimulizi yanayozunguka Uskoti ni kwamba baadhi ya mabaharia waliiona Mona imeingiwa na uovu, wakataka moto uitakase, tena wengine wanataja desturi za Waviking wa kale. Mimi nimefanya kazi ya uvuvi, na najua wavuvi wa taifa lolote wanaitunza miiko yao kuliko wanavyokubali mbele ya wageni. Kwetu, chombo kilichoua hakikai bandarini kwake. Marehemu baba yangu aliwahi kununua mashua kwa bei ya kutupa kutoka kijiji cha mbali, na miezi ilipita kabla hajaambiwa kwamba mwenyewe wa kwanza alikufa maji akiwa nayo. Hakuirudisha. Alibadilisha tanga na kamba zote, akasoma dua, akaendelea kuvua nayo hadi ilipochakaa.

Ndiyo maana nasema tofauti ni umbali. T.G.B. ilipelekwa Ireland, ambako hakuna mjane wa Longhope atakayeiona kila akienda gatini. Mona wangeipeleka wapi wakati ilikuwa imezeeka na hakuna kituo kinachoihitaji?

#11 Kasia Moja

Yaani watu wa Arranmore ndio walioonekana hawana macho?

#12 Shetri Pana

Watu wa Arranmore walijua historia yake. Lakini kuijua habari na kukiona chombo alimofia mwanao ni vitu viwili.

#13 Nahodha Mstaafu

Nimesoma yote kwa makini. Mnajadili adhabu ya boti bila kujadili kosa lenyewe, ambalo ni kwamba Watson ikipinduka haikuwa na uwezo wa kujiinua. Na hili halikuwa la kusahauliwa na wajenzi. Lilichaguliwa kwa makusudi.

Turudi nyuma hadi tarehe 9 Desemba 1886, pwani ya Lancashire, siku meli ya Kijerumani iitwayo Mexico ilipokwama. Boti tatu za makasia zilikwenda. Eliza Fernley ya Southport na Laura Janet ya St Annes zilipinduka, na waokoaji 27 wakafa. Ni ile ya tatu tu, Charles Biggs ya Lytham, iliyowafikia mabaharia 12 na kuwatoa. Jambo la kuzingatia ni kwamba zile mbili zilizoua zilikuwa za aina ya kujiinua. Boti za aina hiyo wakati ule zilikuwa nyembamba, nyepesi, zenye masanduku makubwa ya hewa omo (mbele) na shetri, na uwezo wao wa kurudi juu ulitokana na wepesi uleule uliozifanya zipinduke upesi. Mwaka uliofuata RNLI ilimwajiri George Lennox Watson, msanifu wa meli kutoka Glasgow, awe mshauri wake. Yeye alikuja na chombo kipana, kizito chini, chenye farumi (uzito wa kukituliza chombo) ya kutosha, ambacho hoja yake ilikuwa moja: kisipinduke kabisa. Wenye boti walikipenda. Mtu anayepiga makasia kwenye tufani anataka chombo kinachotulia chini yake. Habari ya kwamba kitamrudisha baada ya kummwaga haimtulizi sana.

Kwa hiyo boti aina ya Watson ilikuwa ni dau la kamari. Dau hilo lilishinda mara nyingi sana, ila lilipopotea, lilipoteza watu wote au karibu wote kwa mkupuo mmoja. Mumbles, Aprili 1947: watu 8. Fraserburgh, Februari 1953: watu 6 kati ya 7. Broughty Ferry, Longhope, kisha Fraserburgh tena Januari 1970, ambako boti ya Duchess of Kent ilibiringishwa ikiifuata meli ya uvuvi ya Denmark na watu 5 kati ya 6 wakafa. Kuichoma Mona kulikuwa ni kukichoma chombo na kuiacha michoro mezani.

#14 Jongoo wa Forodhani

Nahodha, kwa hiyo huyo Watson alichora boti mbovu hadi miaka ya 1960 na hakuna aliyemwuliza?

#15 Mtafiti wa Pwani

Jongoo, Watson alifariki mwaka 1904. Aliyemfuata katika ushauri ni J. R. Barnett, ambaye naye ana aina ya boti yenye jina lake, na zile Watson za injini za baadaye ni michoro iliyoendelezwa juu ya msingi wa marehemu. Zile za futi 47, kama T.G.B., zilijengwa 18, zikiwa na injini mbili za dizeli za Gardner na mwendo wa noti (maili za baharini kwa saa) 8 na ushei. Vilevile "mbovu" ni neno zito mno. H F Bailey ya Cromer, iliyoongozwa na Henry Blogg, ni Watson, na mwezi Agosti 1941 ilishiriki kuokoa watu 88 kutoka kwenye msafara wa meli uliopanda mchangani. Leo boti hiyo inatunzwa katika makumbusho yenye jina la Blogg huko Cromer.

#16 Mwanasheria wa Bandari

Nahodha, hoja yako inaigeuza mada. Kama kosa ni la mchoro, basi kuirudisha T.G.B. kazini mwaka 1970, wiki au miezi kadhaa kutoka msiba wa pili wa Fraserburgh, kulikuwa ni kuzembea. Au taasisi ilikuwa inatuma ujumbe kwamba mchoro hauna lawama? Ukiichoma T.G.B. umekiri. Kwa jicho la kisheria, naona kuikarabati kulikuwa ni utetezi.

#17 Nahodha Mstaafu

Huo ni ujanja wa mahakamani. Taasisi inayoendeshwa kwa michango ya wananchi ilikuwa na vituo vingi na boti chache, na haiwezi kuitupa boti ya miaka 7. Na hawakukaa kimya kuhusu mchoro. Baada ya misiba hiyo miwili iliyofuatana, ya Longhope na Fraserburgh, iliamuliwa kwamba boti kubwa zote ziwe za kujiinua ifikapo 1980. Njia zilikwishapatikana. Richard Oakley mwaka 1958 alibuni boti ya futi 37 iliyobeba zaidi ya tani moja ya maji kama farumi, na ikipinduka maji hayo yanahama yenyewe kwenda kwenye tangi la pembeni na kuisukuma irudi. Miaka ya 1960 ikaja Waveney ya chuma, iliyoigwa kutoka boti ya futi 44 ya walinzi wa pwani wa Marekani, ambayo chumba chake kisichoingiza maji ndicho kinachoirudisha juu.

Watson zilizokuwapo, ambazo hazikuweza kujengwa upya, zilifungiwa mfuko wa hewa juu ya paa la chumba cha nyuma. Chombo kikifudikia, gesi inaujaza mfuko upande mmoja na kukiviringisha. Unafanya kazi mara moja tu, kisha lazima ufungwe mwingine bandarini.

#18 Kasia Moja

Mara moja tu? Na wimbi la pili je?

#19 Nahodha Mstaafu

Wimbi la pili unalipokea ukiwa umeelekeza omo mbele na injini inanguruma, na hiyo ni tofauti kubwa kuliko unavyodhani ukiwa nchi kavu. Tarehe 10 Aprili 1983, The Baltic Exchange ya Salcombe, Watson ya futi 47 kama T.G.B., ilipinduka. Mfuko ukajaa, boti ikarudi juu, mtu mmoja aliyetupwa nje akaokotwa, na wote wakarudi nyumbani. Bila mfuko ule tungekuwa tunaiandika kwenye orodha ya bandiko langu namba 13.

#20 Shetri Pana

Mbona Solomon Browne haikurudi? Ni Watson ya futi 47 pia, na mwaka ulikuwa 1981.

#21 Bi Mkubwa wa Clyde

Shetri, ya Solomon Browne siyo habari ya kupinduka peke yake. Usiku wa tarehe 19 Desemba 1981 boti hiyo ya Penlee, Cornwall, ilikuwa ubavuni mwa meli ya Union Star iliyoharibika injini, karibu kabisa na miamba, mawimbi yakifika mita 18. Ilitangaza kwa redio kwamba imewatoa watu wanne, kisha ikanyamaza. Watu 8 wa boti na 8 wa meli wote walikufa. Iliyopatikana ni vipande vya mbao. Mfuko wa hewa hauwezi kukirudisha chombo ambacho hakipo. Tena hiyo haina "hatima" ya kujadili humu, maana haikubaki boti ya kuchoma wala ya kutengeneza. Nyumba yake ya Penlee Point ndiyo iliyoachwa kama kumbukumbu, na nahodha Trevelyan Richards alipewa nishani ya dhahabu baada ya kifo.

#22 Mkaa Mtoni

Samahani kwa kuingia kati. Naishi Uingereza na jirani yangu mtoni ananunua Watson ya zamani aishi ndani yake. Anasema ameipata kwa bei nafuu. Fundi, ni kweli?

#23 Fundi Mataruma

Bei ya kununua ni nafuu, mkuu. Boti hizi zikistaafu ziliuzwa kwa wavuvi, wapiga mbizi, watu wa starehe na watu kama jirani yako, na nyingi zimefia kwenye tope la mito kwa sababu mwenyewe alikuwa na pesa ya chombo lakini hakuwa na pesa ya mbao. Mwambie akwaruze ndani, chini ya sakafu, palipo na unyevu, siyo nje palipong'arishwa. Na ashukuru kwamba haikuwa Oakley, maana zile zililiwa na metali zake zenyewe, aina mbili za metali zikikutana ndani ya maji ya chumvi, hata nyingi zikavunjwavunjwa. Uzuri wa mchoro haukuzisaidia.

#24 Mkaa Mtoni

Ahsante. Sitamwambia, ameshalipa.

#25 Mtafiti wa Pwani

Turejee kwenye mada. Nataka kuijaribu hoja ya umbali ya Shetri Pana, bandiko namba 10, kwa kesi ya George Elmy. Haikuwa Watson, ilikuwa aina ya Liverpool ya futi 35 na inchi 6, lakini nayo haikujiinua. Tarehe 17 Novemba 1962 ilipinduka ikirudi Seaham, kaskazini mashariki mwa Uingereza, ikiwa imeshawachukua wavuvi 5. Watu wake 5 walikufa, na kati ya wavuvi alipona mmoja tu. Boti ikakarabatiwa, ikatumika tena kwingineko, pamoja na Poole. Hadi hapo Shetri yuko sawa. Ila baada ya kuuzwa na kupotea miaka mingi, ilionekana mwaka 2009 inauzwa kwenye mnada wa intaneti, na watu walioinunua ni wa Seaham. Waliitengeneza upya, na mwaka 2013 ikaingia tena bandarini kwake. Wao ndio walioitafuta.

#26 Shetri Pana

Miaka hamsini imepita hapo. Mjane ameshakuwa bibi au ameshazikwa. Ingerudishwa 1963 ndipo tungeona kama wangeipigia vigelegele au mawe.

#27 Mwanasheria wa Bandari

Na mimi nadhani George Elmy inampinga Fundi zaidi kuliko inavyompinga Shetri. Ilikwenda kupiga ufukweni kama Mona, ikatengenezwa. Ilikuwa ya mbao kama Mona. Kwa hiyo ufuko peke yake hautoshi kuwa hukumu ya kifo.

#28 Fundi Mataruma

Ilijengwa mwaka 1950, Mwanasheria. Umri, umri, umri. Hakuna mtu anayemfanyia mzee na kijana matibabu ya bei moja.

#29 Kasia Moja

Mzee Nahodha Mstaafu asilisome hilo.

#30 Nahodha Mstaafu

Nimelisoma. Fundi, boti ya miaka 24 haikuwa imekwisha kwa vipimo vya RNLI. Ingeweza kukaa katika kundi la akiba miaka mingine kadhaa, ikizunguka vituo ambavyo boti zao zimekwenda gereji. Kituoni Moelfre, Wales, mwaka 1959, wiki chache kabla ya Mona, nahodha Richard Evans aliwaokoa watu 8 wa meli ya Hindlea kwa kutumia boti ya akiba, siyo ya kituo chake, akapata nishani ya dhahabu. Boti kuukuu hazikuwa takataka. Ndiyo maana naamini kulikuwa na kitu zaidi ya mbao katika uamuzi wa kuichoma Mona, na hicho kitu hakihitaji kuwa shetani. Inatosha kwamba hakukuwa na mabaharia wa kituo chochote jirani ambao wangekubali kuipanda.

#31 Bi Mkubwa wa Clyde

Mimi nitakwenda tena Irvine. Nikimpata mhifadhi nitamwuliza ni sehemu gani za T.G.B. zilizobadilishwa baada ya 1969. Fundi, niandikie la kuuliza, kwa sababu mimi mkuku na mataruma navichanganya.

#32 Fundi Mataruma

Bi Mkubwa, muulize kwanza kama tabaka la ndani la mbao liliguswa, au ni la nje tu. Pili, chumba cha juu ni kilekile cha 1962 au kilijengwa upya, kwa kuwa boti ikifudikia chumba ndicho kinachopata kipigo. Tatu, utazame paa la nyuma kama kuna alama za vifungo vya mfuko wa hewa. Na kama atakuruhusu, ingiza mkono ndani ya ule mfereji wa rafadha uliousimulia, upapase kama mbao zake zimeungwa mahali ambapo bodi lingine halikuungwa. Ukikuta kiungo, nipigie picha kwa karibu, na uweke sarafu kando yake nijue upana.